Nimetumiwa kiraka cha programu ya kusoma afya ya SSD. Nakijaribuje bila kuua diski?

saa_nane_usiku

Habari za kazi wakuu. Mnivumilie, kuna maelezo kidogo kabla ya swali.

Ninatunza kompyuta moja inayopokea vipimo kutoka kwenye vihisi na kuviandika kwenye SSD ya NVMe (aina ya diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka), mstari mmoja mmoja, usiku na mchana. Si kazi ya kishindo, ila diski haipumziki. Kila jioni nina skripti inayoita programu ndogo ya mstari wa amri (nitaiita `zana`, jina lake halina umuhimu hapa), inasoma rekodi ya afya ya diski, inachomoa namba nne tano na kuzitupia kwenye faili. Mimi si mwandishi wa programu. Lugha ya C naitambua nikiiona, kama unavyomtambua jirani wa mtaa wa pili ambaye hamjawahi kusalimiana.

Jumatatu jioni hesabu ya amri za kuandika ilisomeka 4,292,310,446. Jumanne, saa ileile, ikasomeka 2,054,014. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba kuna mtu kabadilisha diski bila kuniambia. Nikakagua: namba ya diski ileile, saa za kuwashwa zimeongezeka 24 kama kawaida, joto halijabadilika. Ni hesabu hiyo moja tu iliyorudi utotoni.

Nikamwandikia anayeitunza hiyo zana. Kesho yake akajibu mstari mmoja: "Nadhani nimeiona, jaribu tawi hili uniambie." Na kiungo cha hilo tawi, yaani nakala ya pembeni ya msimbo wake yenye rekebisho (kiraka). Basi.

Sasa nimekwama. Sina diski ya pili. Hii niliyonayo imebeba vipimo vya miaka miwili na nusu. Nakala ipo, msinipigie kelele, lakini kuirudisha ni kazi ya siku nzima. Na zana yenyewe ndiyo hiyohiyo yenye amri za kufuta diski na za kupakia programu mpya ndani ya diski. Kwa hiyo naogopa. Nakijaribuje kiraka bila kuondoa toleo ambalo skripti yangu inalitegemea? Na nikishajaribu, nimwambie nini huyu bwana? "Nimejaribu, inafanya kazi" naona ni jibu la kumkwepa.

---

kijana_wa_terminali

Mkuu mbona unajitia presha bure. Vuta msimbo, kompaili (ugeuze uwe programu), `sudo make install`, endesha. Namba ikitoka kubwa ujue kiraka kimekubali. Dakika kumi umemaliza.

---

bi_heksa

Kijana, hapo kwenye `sudo make install` ndipo watu wanapojichongea. Akishaisimika, toleo lenye hitilafu limefutika na hana tena cha kulinganisha nacho. Na jioni skripti yake itaamka na kutumia kitu ambacho hata aliyekiandika ameomba kijaribiwe.

Saa nane, tuanze na hesabu, kwa sababu namba zako zinasema zenyewe. Chukua 2,054,014 ujumlishe 4,294,967,296. Unapata 4,297,021,310. Toa ile ya Jumatatu: tofauti ni 4,710,864. Gawanya kwa sekunde 86,400 za siku moja, ni kama amri 54 na nusu kwa sekunde. Ukirudi kwenye faili lako la wiki zilizopita na kukuta kila siku inaongeza milioni 4.7 hivi, basi diski yako haina neno. 4,294,967,296 ni mbili kwa kipeo cha 32. Diski imemimina, kikombe cha zana kimejaa, kikaanza upya kutoka sifuri.

Rekodi ya afya ya NVMe ni ukurasa namba 02h, una baiti 512. Data iliyosomwa iko kwenye baiti ya 32 hadi 47, iliyoandikwa 48 hadi 63, amri za kusoma 64 hadi 79, amri za kuandika 80 hadi 95. Kila hesabu ina baiti 16 nzima, yaani biti 128, baiti ndogo ikitangulia. Zana yako inachota nne za mwanzo na kuziacha kumi na mbili.

Utajiuliza kwa nini wengine hawakuiona. Watu wengi hutazama data iliyoandikwa, siyo idadi ya amri. Data huhesabiwa kwa mafungu ya baiti 512,000, kwa hiyo kikombe kilekile kingejaa baada ya petabaiti 2.2. Diski nyingi zinastaafu kabla ya hapo. Wewe unaandika vijistari vidogo vidogo, ndiyo maana ukafika mpakani kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kiraka, piga picha ya baiti zenyewe kwa chombo kingine:

`sudo nvme get-log /dev/nvme0 --log-id=2 --log-len=512 --raw-binary > afya.bin`
`xxd -s 80 -l 16 afya.bin`

Huko ni kusoma tu. Tuletee mstari unaotoka.

---

mpiga_viraka

Naongezea kwa Bi Heksa. "Tawi" si kiraka. Mtu akikwambia jaribu tawi, huwa limebeba na vitu vingine alivyokuwa anavitengeneza wiki hiyo. Kabla hujakompaili endesha `git log --oneline` kutoka toleo ulilonalo hadi mwisho wa tawi uone kuna mabadiliko mangapi. Ukikuta mengi, rudi kwenye toleo lako na ulipandikize lile moja tu kwa `git cherry-pick`. La sivyo namba ikibadilika hutajua nani kaibadilisha, na kikiharibika kitu kingine ndiyo kabisa.

Usisimike. Kompaili kwenye folda yako ya nyumbani na uiendeshe kutoka humohumo kwa `./`.

Halafu jambo dogo: soma kupitia `/dev/nvme0`, siyo `/dev/nvme0n1`. Ya kwanza ni kidhibiti, ya pili ni eneo la data lenyewe. Kwa kusoma afya kidhibiti kinatosha, na inakuzoesha kutoandika jina la eneo la data bila sababu. Amri ya `format` usiisogelee hata kwa utani. Ya `sanitize` ndiyo mbaya zaidi: ikishaanza haisimamishwi, hata ukichomoa umeme itaendelea pale ukiwasha.

---

saa_nane_usiku

Nimerudi, na habari si nzuri.

Kwanza baiti, kama Bi Heksa alivyoagiza:

`00000050: 2e1c af00 0100 0000 0000 0000 0000 0000  ................`

Nilikaa nayo na karatasi. Baiti nne za kwanza kinyumenyume ni 00AF1C2E, yaani 11,476,014. Halafu ile `01` inayofuata, peke yake, ndiyo ile bilioni nne nzima iliyokuwa inapotea. Jumla 4,306,443,310. Tangu Jumanne zimeongezeka 9,422,000 kwa siku mbili, kasi ni ileile ya 54 na nusu. Sijui kwa nini lakini kuiona ile `01` imekaa pale imetulia kulinifurahisha kuliko kitu chochote wiki hii.

Tawi lilikuwa na mabadiliko 14. Moja la hesabu, na jingine, Mpiga Viraka Mungu akubariki, linagusa sehemu ya kufuta diski. Nikapandikiza lile moja tu. Kukompaili kukaenda bila kelele.

Nikaendesha:

`./zana --version` ikanionyesha toleo jipya, na herufi za badiliko lenyewe mwishoni. Safi.

`sudo ./zana afya /dev/nvme0` ikanipa milioni 11 na ushee. Ileile ya zamani! Nikaiendesha mara nne, kana kwamba ingebadilisha mawazo. `smartctl -a`, chombo kingine cha kusoma afya ya diski, dakika hiyohiyo inasema bilioni 4.3.

Kwa hiyo kiraka hakifanyi kazi. Nimwandikie hivyo?

---

bi_heksa

Usimwandikie bado. Niambie kitu kimoja: ile sehemu inayochambua zile baiti, iko ndani ya zana au iko kwenye maktaba (faili la msimbo la pembeni) ambayo zana inaiita? Endesha `ldd ./zana`, inayoorodhesha maktaba hizo, utuletee mstari wenye jina la maktaba.

---

saa_nane_usiku

`libzana.so.1 => /usr/lib/libzana.so.1`

Oh.

---

bi_heksa

Ndiyo hivyo. Umekompaili mwili mpya ukaupa ubongo wa zamani. `--version` haikukudanganya, maana namba ya toleo imeandikwa kwenye zana. Hitilafu na rekebisho lake vyote viko kwenye maktaba, na mfumo ukitafuta maktaba unaenda kwanza pale ilipozoea. Mimi iliwahi kunila siku mbili nzima, na nilishaandika barua ndefu ya kumlaumu mtu. Bahati nikalala kabla ya kuituma.

Ielekeze kwenye folda yako kwa `LD_LIBRARY_PATH`. Ila kuna mtego wa pili: `sudo` huivua hiyo kabla ya kuendesha chochote, kwa usalama. Kwa hiyo iweke ndani ya `sudo`, siyo nje:

`sudo env LD_LIBRARY_PATH=$PWD/lib ./zana afya /dev/nvme0`

Na safari hii usilinganishe namba mbili zilizochukuliwa kwa nyakati tofauti. Hesabu yako inakimbia amri 54 kwa sekunde, hazitalingana hata kila kitu kikiwa sawa. Zibane katikati: chukua baiti ghafi, kisha zana ya zamani, kisha mpya, kisha baiti ghafi tena. Ukweli lazima uwe kati ya ya kwanza na ya mwisho.

---

saa_nane_usiku

Saa tatu baadaye, nimecheka peke yangu mbele ya kioo cha kompyuta.

Baiti ghafi za kwanza: 4,307,031,912
Zana ya zamani: 12,064,671
Zana yenye kiraka: 4,307,032,021
Baiti ghafi za mwisho: 4,307,032,078

Kama sekunde moja kati ya kila mstari, na ukiongeza ile bilioni nne kwenye mstari wa pili, ngazi inapanda kati ya 54 na 57 kila hatua. Sikujua kama namba zinaweza kupendeza.

Kwa hiyo sasa ndiyo naandika "inafanya kazi"?

---

mpiga_viraka

Karibu. Diski yako inaweza kukupa namba moja tu, ile iliyonayo leo. Hujaona kinachotokea mpakani penyewe, na huwezi kuirudisha diski nyuma. Lakini angalia mwishoni mwa mwongozo wa zana: kama ina chaguo la kusoma rekodi kutoka kwenye faili badala ya diski, umepata maabara ya bure. Nakili `afya.bin` mara kadhaa, kisha katika kila nakala badilisha baiti za 80 kwenda mbele. Kwa mfano, hatua moja kabla ya mpaka:

`printf '\xff\xff\xff\xff\0\0\0\0' | dd of=kabla.bin bs=1 seek=80 conv=notrunc`

Ukisahau `conv=notrunc`, faili litakatwa na kubaki na baiti 88, kisha utashangaa kwa nini saa za kuwashwa zimepotea. Na kabla ya kubonyeza Enter soma kwa sauti kilichoandikwa baada ya `of=`. Kwa sauti kabisa, hata kama kuna watu. `dd` haiulizi mara mbili, na ukiweka jina la diski hapo hii mada itabadilika iwe ya kurejesha data.

---

diski_ya_karatasi

Nachomekea tu. Zile amri zinazoandika au kufuta, kama siku moja utaombwa kuzijaribu, zijaribie ndani ya QEMU, programu ya kuigiza kompyuta nzima. Ina NVMe ya kuigiza: unatengeneza faili la gigabaiti moja kwa `qemu-img create`, unalichomeka kwa `-device nvme`, na kompyuta ya ndani inaliona kama diski halisi. Ifute mara mia. Kwa hitilafu hii yako haikusaidii sana, kwa sababu hesabu zake huanza sifuri kila ukiiwasha, na kufika bilioni nne utazeeka. Usishtuke pia ukiona joto limeganda kwenye 323, hiyo ni kelvini, sawa na nyuzi 50, na haipandi wala kushuka.

---

saa_nane_usiku

Chaguo la kusoma faili lipo. Limejificha mwisho kabisa wa mwongozo, chini ya mambo ya rangi.

Nilitengeneza manne. La sifuri tupu: zana zote mbili zinasema 0. La hatua moja kabla ya mpaka: zote mbili 4,294,967,295. La mpakani, yaani sifuri nne halafu `01`: ya zamani 0, mpya 4,294,967,296. Hapo niliridhika. La nne lilikuwa la ukorofi, niliweka `01` kwenye baiti ya tisa ya hesabu, biti ya 64, na zana mpya nayo ikasema 0. Amehama kutoka kikombe cha biti 32 kwenda cha 64, si cha 128. Nimtajie au nitaonekana natafuta makosa?

Lakini hilo si kubwa. Sikieni kubwa.

Jioni nikasema ngoja nijaribu kama maisha yalivyo. Nikanakili skripti yangu, nakala nikaielekeza kwenye zana mpya na maktaba mpya, nikaiendesha. Ikaandika milioni 12. Nikakimbilia `ldd`, maktaba ni mpya. Nikaendesha zana kwa mkono, bilioni 4.3. Nikaendesha skripti, milioni 12. Nilikaa kama robo saa nikiamini kompyuta ina jini.

Skripti yangu haisomi maandishi yale ninayoyasoma mimi. Inaomba JSON, yaani matokeo yaliyopangwa ili programu nyingine iyasome, kwa `-o json`. Siku zote hizi nimekuwa nikijaribu mlango ambao mimi mwenyewe siutumii.

Nikalipeleka faili la mpakani kwa njia ya JSON: 0. La hatua moja kabla yake: 4294967295. Zana ya zamani na mpya, majibu yaleyale. Kiraka kimeponya maandishi, JSON kimeiacha kitandani.

---

bi_heksa

Hongera, umepata kitu ambacho aliyeandika kiraka hakukiona. Kwenye zana nyingi za aina hii, kuchapa kwa maandishi na kuchapa kwa JSON ni kazi mbili tofauti kwenye msimbo, mara nyingi kwenye mafaili mawili, zimeandikwa na watu wawili. Unarekebisha moja ukidhani umemaliza.

Na maandishi na JSON zisilinganishwe kwa macho tu. Zipo zana ambazo kwenye maandishi joto hutoka kwa nyuzi za selisiasi na kwenye JSON hutoka kwa kelvini kama diski ilivyolitoa. Ukiona 37 huku na 310 kule, usiripoti hitilafu.

Kuhusu biti 64: mtajie, kwa sentensi moja, na umwambie wazi kwamba haizuii chochote. Kwa kasi yako ya amri 54 kwa sekunde kikombe cha 64 kitajaa baada ya miaka zaidi ya bilioni 10. Kinachonisumbua mimi ni kwamba kinajibu 0 badala ya kusema "sijui". Diski yenye hitilafu ikijaza takataka kwenye baiti za juu, utasoma namba ya uongo yenye sura ya kweli. Lakini hilo ni la siku nyingine, usilibebeshe kiraka hiki.

Kuna watakaokwambia JSON yenye namba kubwa kuliko 9,007,199,254,740,992 hupoteza tarakimu za mwisho kwenye baadhi ya visomaji. Ni kweli, na usipoteze usiku kwa ajili hiyo.

---

kijana_wa_terminali

Nimesoma yote. Nafuta kauli yangu ya dakika kumi 😅

---

saa_nane_usiku

Hii ndiyo niliyomtumia. Naibandika ili mnikosoe, ingawa imeshaondoka:

"Habari. Nimejaribu badiliko la hesabu peke yake, nimelipandikiza juu ya toleo ninalotumia. Mengine 13 ya tawi sikuyagusa. Zana na maktaba zote ni mpya, nimethibitisha kwa ldd.

Kwa maandishi: limepona. Toleo la zamani linasoma 12,064,671, lenye kiraka linasoma 4,307,032,021, na baiti ghafi kabla na baada ni 4,307,031,912 na 4,307,032,078. Kwa -o json: halijapona, linarudi sifuri palepale kwenye 4,294,967,296. Hesabu nyingine za ukurasa huo hazikubadilika kati ya toleo la zamani na jipya, nimelinganisha kwa diff kwenye faili moja. Nimeambatisha mafaili manne ya baiti 512, moja la sifuri, moja kabla ya mpaka, moja mpakani, moja lenye biti ya 64. Hilo la mwisho linatoa 0, nakutajia tu, halinizuii. Sijajaribu amri yoyote inayoandika kwenye diski."

Nilisita kidogo kwenye kuambatisha mafaili, nikiogopa yana namba ya diski. Nikakagua baiti kwa baiti: ukurasa wa afya hauna namba hiyo, hiyo iko kwenye `id-ctrl` (taarifa za utambulisho wa diski), ambayo sikuigusa.

---

mpiga_viraka

Sina cha kukosoa. Sentensi ya mwisho, ya kutaja ambacho hukujaribu, watu huwa wanaisahau. Mimi pia.

---

saa_nane_usiku

Kufunga mada, kwa atakayefika hapa akitafuta.

Alijibu baada ya siku mbili, safari hii mistari mitatu, ambayo kwake ni hotuba. Kulikuwa na `uint32_t` moja (kikombe cha biti 32) kwenye faili la JSON ambayo alikuwa ameisahau. Akatuma kiraka cha pili. Nikakipitisha kwenye mafaili yaleyale manne, maandishi na JSON, kisha kwenye diski kwa mtindo wa kubana katikati, kisha nakala ya skripti. Vyote vimekubali. La biti ya 64 bado ni 0, amelifungulia taarifa yake. Mafaili yangu manne ameyaomba ayaweke kwenye majaribio ya zana, nimekubali. Lile la mpakani kalibatiza `imerudi_utotoni.bin`.

Toleo rasmi likitoka ndipo nitasimika. Kwa sasa skripti ya jioni bado inatumia la zamani, na faili langu la vipimo lina jioni kadhaa zenye namba za milioni mbili, sita, kumi na moja na kuendelea, kama bonde. Nimeandika `awk` ya mstari mmoja ya kuziongezea 4,294,967,296. Nimeiendesha kwenye nakala kwanza.